Kusimama Si Kuzimika

Saa tatu kasorobo asubuhi, kabla mwanafunzi yeyote hajafika, mwalimu alikuwa ameshapangusa meza sita kwa kitambaa kikavu na alikuwa akiwasha kompyuta moja moja, sikio lake karibu na kila boksi, akisikiliza feni ya ndani. Ya nne ilikoroma. Akaizima, akafungua ubavu wake, akapitisha brashi ya rangi, ile ndogo ya kupakia fremu za madirisha, vumbi likatoka, akaiwasha tena. Ikatulia. Ndipo akanigeukia nilipokaa kwenye benchi la nyuma na kuniuliza kama nimekunywa chai.

Nilikuwa nimemsindikiza mpwa wangu. Chumba chenyewe kiko Ngamiani, Tanga, juu ya duka la vifaa vya shule. Kina madirisha mawili, pangaboi moja, na ubao wa chaki ambao siku hiyo ulikuwa na maneno manne tu: kuwasha seva, kuzima seva. Nikajisemea kwamba somo la namna hiyo litakwisha kabla chai haijapoa. Lilikwenda saa tatu. Nimewahi kukaa na mafundi wa mashua, nimewahi kukaa na washonaji wa kofia za viua, na najua dalili moja ya mtu anayeijua kazi yake: mkono hauendi mahali ambapo jicho halijatangulia. Huyu mama alikuwa na mkono wa namna hiyo, ingawa kazi yake ni kubonyeza vitufe.

Wanafunzi walikuwa watano. Mmoja ni fundi simu wa barabara ya kumi na mbili. Mpwa wangu huuza khanga kwa oda za WhatsApp. Watatu waliobaki wametoka kumaliza kidato cha nne na bado wanaketi kama wako shuleni, mikono juu ya meza. Waliingia kwa shikamoo, wakaitikiwa marahaba, kila mmoja akaenda mahali pake bila kuelekezwa.

Mpwa wangu ndiye aliyeleta kesi ya kwanza. Ametengeneza ukurasa wa khanga zake, picha kumi na mbili, na juu yake vitufe vya kuchagua rangi. Picha zinaonekana. Vitufe havifanyi kitu. Amekesha navyo siku mbili.

Mwalimu hakuutazama ukurasa. Alitazama mstari wa anwani juu ya kivinjari, akaweka ncha ya penseli chini ya herufi za mwanzo: file, nukta pacha, mikwaju mitatu. "Hapa hujafungua tovuti, mwanangu," akasema. "Umefungua faili."

Nilichoelewa ni hiki. Ukibofya faili mara mbili, kivinjari hulisoma papo hapo kutoka kwenye diski, kama mwenye nyumba anayejipakulia jikoni kwake. Maandishi hutokea, picha hutokea. Lakini msimbo wa JavaScript uliogawanywa katika moduli, au ule unaotaka kuchota data kutoka faili jingine, kivinjari huukataa. Kwake faili lililofunguliwa hivyo halina asili inayojulikana, na lau lingeachiwa kusoma mafaili jirani, ukurasa wowote uliopakuliwa kutoka popote ungeweza kuchungulia nyaraka zako. Msimbo wa mpwa wangu haukuwa na kosa. Alikuwa ameingilia mlango usio wake.

Fundi simu akasema yeye hulikwepa tatizo hilo kwa kupandisha kila kitu kwenye seva ya kukodi, hata akibadilisha mkato mmoja, kisha anafungua kuona. Mwalimu akamuuliza bando lake la mwezi huisha tarehe ngapi. Darasa likacheka. "Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema mwalimu. "Seva unayoihitaji imo humo humo kwenye kompyuta yako. Haijawashwa tu."

Alianza na dirisha jeusi. Akabonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, terminali ikafunguka, naye akawaacha waitazame bila kuandika chochote. Mwishoni mwa mstari kulikuwa na alama ya dola, na pembeni yake kijiti kinachopepesa. "Hiyo dola," akasema, "inakwambia: haya, sema, nakusikiliza. Ishikeni kichwani, tutaitafuta baadaye." Sikuona sababu ya kukitilia mkazo kitu kidogo namna ile. Niliiona saa moja na nusu baadaye.

Kisha pwd, herufi tatu za kuiuliza kompyuta tuko wapi. Kisha ls, kuorodhesha vilivyopo. Kisha cd na jina la folda, kuingia ndani. Kisha pwd tena, ls tena. Kijana mmoja akauliza kwa nini anarudia jambo aliloliona sasa hivi. Jibu halikuwa refu: seva ya aina hii hugawa kile ilichokikuta pale ilipowashiwa. Ukiiwashia kwenye folda ya mradi, itagawa mradi. Ukiiwashia kwenye folda yako kuu, itagawa vyeti vyako, picha za harusi na barua zako zote, ikiviorodhesha kwa alfabeti.

Mpwa wangu alikwama hapo hapo kwenye cd. Folda yake inaitwa "khanga za shangazi", maneno matatu yenye nafasi kati yake, na terminali ikadhani ametaja vitu vitatu. Mwalimu hakuigusa kibodi ya mtu. Alimwambia aandike herufi mbili za mwanzo kisha abonyeze Tab. Jina likajimalizia lenyewe, na kila nafasi ikawekewa alama yake ya kuikinga. Mpwa wangu alitabasamu kama mtu aliyefunguliwa kopo. Baadaye ls ikaonyesha jambo jingine: ukurasa wake wa mwanzo ulikuwa umeandikwa Index.html, kwa I kubwa. Kwa Linux, I kubwa na i ndogo ni majina mawili tofauti, na seva hutafuta index.html ya herufi ndogo tupu. Wakalibadilisha jina kwa amri ya mv. Hakuna aliyekuwa amewasha chochote bado, na makosa mawili yalikuwa yameshaondolewa njiani.

Ndipo mwalimu akaandika amri yenyewe, akitamka kila kipande:

python3 -m http.server 8000

Hakubonyeza Enter. Aliiondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akaanza kuusoma mstari upya kutoka kushoto.

Python3 ni programu inayofasiri lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991. Kompyuta nyingi za Linux huja nayo tayari. Kidashi na m huiambia iendeshe moduli, yaani kipande cha kazi kilichokwisha kuandikwa. Http.server ndiyo moduli yenyewe, na imo ndani ya Python, hakuna cha kupakua. Zamani, katika Python 2, iliitwa SimpleHTTPServer. Python 2 ilistaafishwa tarehe 1 Januari 2020, lakini maelezo yanayotumia jina hilo yamejaa kila mahali, na wanaoanza huyanakili, yanawagomea, wakadhani wao ndio wajinga. "Mkikutana na jina hilo," akasema, "mjue maelezo yamezeeka. Ninyi hamna kosa."

Kwenye namba 8000 Tanga yenyewe ilimsaidia. Kila aliyekuwa mle ndani anajua barabara za Ngamiani zinavyoitwa kwa namba: ukimwambia bodaboda "Ngamiani" peke yake atakuuliza barabara ya ngapi. Anwani ya kompyuta ni Ngamiani. Poti ni barabara ya ngapi. Mimi niliandika "bandari" kwenye daftari langu, kwa mazoea ya mji wenye bandari, naye akaliona akipita. "Mlango, kaka," akanisahihisha kwa sauti ya chini. "Meli haziji hapa."

Poti huanzia 0 hadi 65,535, kwa kuwa namba hiyo imetengewa biti 16. Zilizo chini ya 1024, kwenye Linux, kwa kawaida hazishikwi bila ruhusa ya msimamizi wa mashine, na humo ndimo ilimo 80 ya tovuti za kawaida na 443 ya zile zilizofungwa kwa siri. Anayejifunza hukaa juu ya hapo. 8000 ni mazoea tu. Miongoni mwa zana nyingine za kutengenezea tovuti, Django nayo huanzia 8000, Flask huanzia 5000, Hugo huanzia 1313. Vite huanzia 5173, na alipoifikia hiyo mwalimu alichukua chaki, akaandika tarakimu nne ubaoni, akazigeuza moja moja: 5 ya Kirumi ni V, 1 inafanana na I, 7 na T, 3 ni E iliyogeuzwa. Jina la programu limefichwa kwenye namba ya mlango wake. Akacheka peke yake. Nadhani amelisimulia darasa jambo hilo kila muhula na bado linamchekesha.

Kisha akabonyeza Enter.

Skrini iliandika mstari mmoja: kwamba inahudumia HTTP kwenye 0.0.0.0, poti 8000. Ikanyamaza. Alama ya dola haikurudi. Kijiti kilipepesa chini ya mstari ule, hakuna kilichofuata. Wanafunzi wakaigiza kwenye mashine zao, na ukimya uleule ukaenea chumba kizima.

"Imeganda," akasema mpwa wangu, na vidole vyake vikaanza kuelekea kwenye kibodi.

Mwalimu akainua kiganja. "Haijaganda. Inasubiri."

Akawauliza kama wamekula kwa mama ntilie. Nani hajala? Mama ntilie hatembei mtaani akimwaga wali kwenye sahani za watu. Anakaa na masufuria yake, upawa mkononi, hadi mtu aje na kusema: nitilie. Jina lake lenyewe ni ombi la mteja. Seva ni huyo. Imekaa, imefunua masufuria, haina la kusema kwa sababu hakuna aliyeomba. Dola haikurudi kwa kuwa dirisha hili sasa lina mwenyewe, na mwenyewe yuko kazini. Ukitaka kuandika amri nyingine, fungua dirisha la pili.

Wakafungua kivinjari, wakaandika http://localhost:8000. Ukurasa wa khanga ukatokea. Mpwa wangu akabonyeza kitufe cha nyekundu, na khanga nyekundu nne zikabaki peke yake. Akanigeukia. "Mjomba, umeona?" Niliona. Lakini mwalimu alikuwa hatazami khanga. Alikuwa akitazama dirisha jeusi, ambako mistari ilikuwa imeanza kushuka.

Kila mstari ulianza na 127.0.0.1, ukafuata na tarehe na saa katika mabano, kisha neno GET na jina la kitu kilichoombwa, na mwishoni namba yenye tarakimu tatu. "GET ndiyo nitilie," akasema. Akaisoma mmoja mmoja kwa penseli. Ukurasa uliombwa, 200, umetolewa. Faili la mitindo, 200. Moduli, 200. Picha ya kwanza, 200. Saa ya mashine ilisomeka 10:38; vijana walishazoea kuondoa sita na kusema saa nne na dakika thelathini na nane.

Kulikuwa na 404 mbili, na hapo nikaona ufundi ambao nisingeuona peke yangu. 404 maana yake kilichoombwa hakipo. Ya kwanza ilikuwa ya kitu kiitwacho favicon.ico. "Nani ameomba hiki?" Hakuna aliyeomba. Kivinjari huiomba chenyewe, ni picha ndogo ya kuweka pembeni ya jina la ukurasa, na asipokuwa nayo mtu hapungukiwi kitu. Ya pili ilikuwa ya picha ya saba. Msimbo ulitaka jpg kwa herufi ndogo, simu iliyopiga picha iliandika JPG kwa kubwa. Hiyo ilikuwa khanga ambayo mteja asingeiona kamwe, na mpwa wangu hakuwa amegundua kwamba zilizotokea ni kumi na moja. Nimeshaona watu wakizifungia 404 zote macho, na wengine wakihangaika na zote. Mwalimu alitenganisha mbili zile kwa muda ambao mtu huchagulia choroko.

Kisha akafanya jambo la mchezo. Alikwenda kwenye kisanduku cha waifai ukutani akachomoa waya wa umeme. Taa zake zikazimika. "Onyesheni upya." Wakabonyeza F5. Kurasa zote zikaja, mistari ikashuka, baadhi yake sasa ikiwa na 304, yaani hakijabadilika, tumia nakala uliyonayo. Fundi simu akaangalia simu yake, akaangalia kompyuta. Anwani zote zinazoanza na 127 zimetengwa kwa ajili ya mashine kuzungumza na nafsi yake. Ombi linatoka kwenye kivinjari, linageuka humo humo ndani, linaifikia seva, bila kugusa waya wala mnara. Senti ya bando haitoki.

Mengine aliyapita upesi. Ukibadilisha faili, lihifadhi kisha onyesha upya. Seva hii haihitaji kuwashwa tena kwa ajili hiyo, na kivinjari kikikaidi, Ctrl, Shift na R hukilazimisha kuomba upya. Zile 0.0.0.0 maana yake inasikiliza kwenye njia zote za mashine, kwa hiyo simu iliyo kwenye waifai moja nawe inaweza kufungua ukurasa wako, jambo zuri ukiwa nyumbani na baya ukiwa mgahawani. Ongeza --bind 127.0.0.1 ukitaka kujifungia. Tena maelezo rasmi ya Python yanaonya kwamba moduli hii haifai kubeba tovuti halisi ya watu. Ni jiko la kujaribia.

Hapo ndipo somo lilipoanza, kwa maoni yangu. Yote yaliyotangulia mtu anaweza kuyapata kwa kunakili mstari mmoja. Kuzima ndiko kuliko na kazi.

Aliwaambia wazime, bila kuwaelekeza namna. Akafunga mikono akatazama. Wawili walifunga dirisha kwa alama ya msalaba pembeni. Mmoja alibonyeza Ctrl na C, akapata jibu kwamba programu imekatizwa na inatoka, na dola ikarudi. Mpwa wangu na fundi simu walibonyeza Ctrl na Z. Dola ikarudi kwao pia. Juu yake kukaandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya "imesimama". Wote wawili wakaegemea viti kwa raha.

Mwalimu akawaambia hao wawili waonyeshe upya kurasa zao. Kivinjari kilizunguka. Kikazunguka. Hakikusema kimekataliwa, hakikuleta ukurasa. Kwa yule wa Ctrl na C kivinjari kilijibu mara moja kwamba hakuna wa kuunganishwa naye. Mlango umefungwa na kila mtu anaujua umefungwa. Kwa wa Ctrl na Z mlango ulikuwa wazi, foleni imepangwa, na mhudumu ameganda akiwa ameushika upawa.

"Sasa iwasheni tena," akasema.

Wakaandika amri ileile. Skrini ikawamwagia mistari mingi, na wa mwisho ukawa kosa namba 98: anwani inatumika tayari. Fundi simu, mtu wa mjini, akaongeza moja akaandika 8001, ikakubali. Akasita. Akakumbuka kitu. Akafungua dirisha la pili na kumwonyesha mwalimu mazoea yake: nyumbani kwake huwa anafika hadi 8006 siku moja, kisha kompyuta inakuwa nzito, anaizima yote na kuiwasha upya. Mwalimu hakumcheka. Alisema na yeye alifika 8010 mwaka aliojifunza.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha ya mashine. Daladala iliyosimama kituoni haijazimwa. Konda ameshuka, abiria wamo, na hakuna gari jingine linaloweza kuegesha pale pale. Ctrl na Z husimamisha: huitumia programu ishara ya kulala, nayo hulala na kila ilichokishika, pamoja na poti. Ctrl na C huitumia ishara namba 2, yaani katiza, na programu iliyoandikwa vizuri huitikia kwa kufunga milango, kuachia poti na kutoka.

Dawa aliitoa hatua kwa hatua, na kila hatua aliisubiri ijibu. Kwanza jobs: terminali ikaorodhesha kilicholala ndani yake, namba moja, seva ya 8000. Kisha fg, kuileta mbele. Na hapo ikatokea jambo lililonifanya niinuke kwenye benchi. Punde seva ilipoamka, maombi yote yaliyokuwa yamepanga foleni wakati imelala yalihudumiwa kwa mkupuo, mistari ikashuka kwa fujo, na kivinjari cha mpwa wangu, kilichokuwa kikizunguka tangu dakika chache zilizopita, kikaleta khanga. Hakuna mteja aliyekuwa amepotea. Wote walikuwa wamengoja.

Ndipo Ctrl na C. Ndipo dola.

Kwa seva ambayo dirisha lake halijulikani liko wapi, alionyesha njia nyingine: lsof -i :8000, ambayo humtaja aliyeshika poti hiyo na namba yake ya utambulisho. Kisha kill na namba ile, ambayo licha ya jina lake hutuma ishara 15, ombi la kuondoka kwa heshima. Programu iliyolazwa hailishughulikii ombi hilo mpaka iamshwe, na hapo ndipo watu wasio na subira huvuta kill -9, ishara ambayo hakuna programu inayoweza kuikataa wala kuipokea. Kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, huifyeka tu. Mwalimu aliiandika ubaoni ndogo, pembeni, kisha akaizungushia duara. "Hii ipo," akasema. "Mimi naitumia labda mara mbili kwa mwaka." Kwa mwenye Windows alitaja netstat -ano ya kumtafuta mwenye poti na taskkill ya kumwondoa, akaahidi kulirudia somo hilo siku nyingine.

Kuhusu kufunga dirisha kwa msalaba hakukemea. Mara nyingi seva hufa pamoja na dirisha lake. Ila ukizoea hivyo, siku ukiwa na programu inayoandika data, utaifunga katikati ya sentensi.

Nikamuuliza kama seva kubwa za duniani nazo huzimwa kwa vidole viwili hivi. Akanisimulia ya kwanza kabisa ya wavuti, ile kompyuta ya NeXT ya Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pale kwenye maabara ya CERN, Geneva, mwaka 1990. Ilikuwa ya mezani kama hizi, na juu yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino mwekundu, kwamba mashine hii ni seva, isizimwe. Mtu angepita akabonyeza swichi kwa nia njema ya kuokoa umeme, na wavuti wote uliokuwapo ungezimika. "Ile ilihitaji karatasi ya kuwazuia watu," akasema. "Hizi zetu zinahitaji mtu wa kuzikumbuka."

Zoezi la mwisho halikuwa na maelezo. Washa, fungua, badilisha neno moja, onyesha upya, zima, hakikisha. Mara kumi. Chumba kikawa na sauti ya vitufe na pangaboi tu. Mwalimu alipita nyuma ya viti mikono mgongoni, na niligundua kwamba hatazami kurasa wala mistari inayoshuka. Anatazama kama dola imerudi, na kama mtu anaitazama ikirudi kabla hajaendelea. Mmoja wa vijana aliharakisha, akabonyeza C bila kuishikilia Ctrl. Herufi c ikakaa kwenye skrini peke yake, seva ikaendelea kungoja. Mwalimu alisimama nyuma yake. Hakusema. Kijana akaisoma skrini, akaona, akarudia. Ilimchukua kama nusu dakika, na nusu dakika hiyo mwalimu alimwachia yote.

Saa sita kasoro kidogo wakaaga. Mpwa wangu akashuka ngazi akihesabu khanga zake kwa vidole, kumi na mbili sasa. Mimi nilibaki kumsaidia mwalimu kufunga madirisha. Alizipitia mashine tano, kila moja akaandika lsof -i :8000, akasoma, akaizima. Kwenye ya nne, ile iliyokoroma asubuhi, akatega sikio kwanza.

Ya mwisho ilikuwa yake. Akaandika amri ileile, akabonyeza Enter. Skrini haikuandika kitu. Dola ikarudi.